Siku nne kabla ya mashine: uchambuzi wa kisa cha influenza katika mimba ya wiki 35

Kisa chenyewe

Tarehe 15 Aprili 2009, nchini Marekani, mwanamke wa miaka 33 mwenye mimba ya wiki 35 alimwona daktari wake wa uzazi. Misuli ilikuwa inamuuma, anakohoa kikohozi kikavu, ana homa ya kadiri. Hali hiyo ilikuwa na siku moja tu. Alikuwa na historia ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi, na pumu nyepesi. Ukiacha hayo, afya yake ilikuwa nzuri. Kipimo cha haraka cha influenza kilifanywa palepale kliniki na jibu likawa chanya.

Tarehe 19 alifika idara ya dharura akiwa hoi: pumzi zinambana, homa ipo, na kikohozi sasa kinatoa makohozi. Alikuwa akipumua mara 30 hivi kwa dakika, na oksijeni kwenye damu yake ilisoma karibu asilimia 80 akiwa anavuta hewa ya kawaida. Picha ya X-ray ilionyesha madoa katika mapafu yote mawili. Aliwekewa mpira wa hewa na kuunganishwa na mashine ya kupumulia, na siku hiyohiyo akafanyiwa upasuaji wa dharura wa kumtoa mtoto. Alizaliwa msichana mwenye alama za Apgar, kipimo cha hali ya mtoto mchanga chenye upeo wa 10, 4 katika dakika ya kwanza na 6 katika dakika ya tano. Baadaye aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima. Mama hakupata nafuu. Tarehe 21 mapafu yake yaliingia katika hali iitwayo ARDS, yaani vifuko vya hewa kujaa majimaji ya uvimbe hadi oksijeni haipenyi tena. Alipewa antibiotiki za wigo mpana. Oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza, ilianzishwa tarehe 28. Alifariki tarehe 4 Mei.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilikichapisha kisa hiki tarehe 12 Mei 2009, kikiwa miongoni mwa visa vya mwanzo kabisa vya wajawazito waliopata kirusi kipya cha H1N1. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa halijatangaza janga. Lilifanya hivyo tarehe 11 Juni.

Ukipanga tarehe hizo kwenye mstari mmoja, mambo mawili yanajitokeza. Kutoka kipimo chanya hadi mashine ya kupumulia ni siku nne. Kutoka dalili ya kwanza hadi dozi ya kwanza ya dawa ya virusi ni wiki mbili. Uchambuzi huu unazunguka mapengo hayo mawili, kwa sababu ujauzito huyafanya yawe ya hatari kuliko yangekuwa kwa dada yake mwenye umri uleule asiye na mimba.

"Mimba hushusha kinga": jibu fupi lisilotosha

Ukiuliza kwa nini mjamzito huumwa sana influenza, jibu utakalopewa na wengi, wahudumu wa afya wakiwemo, ni kwamba kinga yake imeshuka. Kama ingekuwa hivyo kwa maana ya kawaida ya neno hilo, tungewaona wajawazito wakipata maradhi nyemelezi kama wanavyoyapata watu wenye UKIMWI usiotibiwa au waliopandikizwa figo. Hatuwaoni. Mjamzito akichanjwa hutengeneza kingamwili kwa kiwango kinachokaribiana na cha mwanamke asiye na mimba. Kuna idara za kinga yake ambazo huchangamka zaidi kadiri mimba inavyokua. Kwa hiyo neno "kushuka" linatufanya tutafute tatizo mahali ambapo halipo.

Kinachotokea ni mpangilio mpya. Nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya baba, hivyo kwa macho ya mfumo wa kinga mtoto ni mgeni, na mwili wa mama lazima umvumilie huku ukiendelea kupambana na vijidudu. Uvumilivu huo hujengwa hasa pale kondo la nyuma linapokutana na ukuta wa mji wa mimba: seli T za udhibiti, zinazozuia kinga isishambulie ovyo, huongezeka, na seli za kondo hubeba alama iitwayo HLA-G ambayo huzituliza seli NK za mama, zile zinazoua seli ngeni au zilizoambukizwa. Progesteroni na estrojeni, ambazo katika miezi mitatu ya mwisho huwa juu mno, husafiri katika damu yote na kubadilisha tabia ya chembe nyeupe hata zilizo mbali na mji wa mimba. Mwaka 1993 Thomas Wegmann na wenzake walipendekeza kwamba mimba huuelekeza mwili kwenye kinga ya aina ya Th2, ile inayoegemea kingamwili, na kuubana upande wa Th1 unaoshughulika na virusi vilivyojificha ndani ya seli. Wazo hilo lilitawala vitabu kwa miaka mingi. Bado lina kiini cha kweli, ila linatosha zaidi kwa yanayotokea kwenye kondo kuliko kwa yanayotokea kwenye mapafu.

Tuje kwenye influenza. Kirusi kikitua kwenye njia ya hewa huingia ndani ya seli na kuanza kujinakili. Katika muda wa saa chache tu seli ya kwanza inamwaga virusi vipya kwa jirani zake. Silaha ya mwanzo kabisa dhidi ya hilo ni interferoni, protini ambazo seli iliyovamiwa huzitoa ili majirani wafunge milango kabla hawajafikiwa. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuziambukiza kirusi cha H1N1 cha 2009 chembe za damu za wajawazito ndani ya maabara. Zilitoa interferoni alfa na interferoni lamda kidogo kuliko chembe za wanawake wasio na mimba. Hapa ndipo udhaifu ulipo kweli: katika saa za mwanzo, kirusi hupata nafasi ya kuzaliana.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2014, kundi la Chuo Kikuu cha Stanford likatoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Seli NK na seli T za wajawazito zilipokutanishwa na influenza zilijibu kwa nguvu zaidi, si kidogo, kuliko za wanawake wasio na mimba. Mwaka 2016 kundi hilohilo likaonyesha jambo kama hilo kwa monositi na kwa aina moja ya seli za dendriti, ambazo nazo ni chembe za kinga: zilitoa kemikali nyingi zaidi za uvimbe. Ukisoma tafiti hizi haraka utasema zinapingana, na katika suala la seli za dendriti kwa kweli bado hazijapatana. Lakini kwa sehemu kubwa zinaeleza vipindi viwili tofauti vya ugonjwa mmoja. King'ora kinachelewa kulia, halafu zimamoto wanaingia kwa fujo inayobomoa nyumba iliyobaki. Virusi vikiwa vimeshasambaa, chembe za uvimbe zinamiminika kwenye mapafu, sitokini, yaani kemikali za kinga zinazochochea uvimbe, zinapanda, kuta za mishipa midogo zinavuja, na majimaji yanajaza vifuko vya hewa. Picha ya X-ray ya tarehe 19 ni matokeo ya kipindi hicho cha pili.

Tafiti za panya zinakubaliana na mfuatano huu. Panya wenye mimba wakiambukizwa influenza hufa zaidi, hukawia kukisafisha kirusi, na mapafu yao hujaa nyutrofili na makrofaji, yaani chembe za uvimbe. Utafiti wa Hamburg wa mwaka 2017 uliongeza jambo la kuvutia: ugonjwa ulikuwa mkali hasa pale baba wa watoto alipokuwa wa ukoo wa kinasaba tofauti na mama, yaani pale uvumilivu wa kinga ulipohitajika zaidi, na ndani ya panya hao kirusi kilipata mwanya wa kutoa vizazi vikali kuliko kile kilichoingia. Mwaka 2020 watafiti wa Australia wakaonyesha kwamba kwa panya wenye mimba kirusi hutoka kwenye mapafu na kufika hadi mshipa mkuu wa damu, kikaleta uvimbe huko na kuwapunguzia watoto oksijeni. Panya si binadamu, na kwa binadamu si kawaida influenza kuvuka kondo na kumfikia mtoto. Hata hivyo utafiti huo unasaidia kueleza kwa nini mimba huathirika hata kama kirusi chenyewe hakimgusi mtoto.

Mapafu yasiyo na akiba

Kinga peke yake haielezi siku nne. Mwanamke wa wiki 35 anauanza ugonjwa akiwa na mapafu yaliyokwisha kupunguziwa akiba. Mji wa mimba unakipandisha kiwambo hadi sentimita 4 hivi. Hewa inayobaki mapafuni baada ya mtu kutoa pumzi ya kawaida hupungua kwa karibu asilimia 20, na hiyo ndiyo ghala ya oksijeni anayoitegemea mtu pumzi zinapokatika. Wakati huohuo mwili wake unatumia oksijeni zaidi kwa takriban asilimia 20, na moyo unasukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50. Ghala ndogo, matumizi makubwa: ndiyo maana mjamzito mwenye nimonia huonekana anajikongoja vizuri, kisha akaporomoka ndani ya saa chache.

Kuna mitego miwili ya usomaji wa vipimo hapa. Wa kwanza ni mwendo wa kupumua. Mimba humfanya mama avute pumzi kubwa zaidi, lakini idadi ya pumzi kwa dakika hubadilika kidogo sana. Hivyo mama anayepumua mara 28 asiambiwe "ni mtoto anakubana". Idadi hiyo si ya mimba. Wa pili ni kabonidioksaidi. Kwa kuwa mjamzito hupumua kwa kina, kiwango chake cha kawaida katika damu ya ateri ni kama 28 hadi 32 mmHg. Karatasi ya maabara ikirudi na 40, nambari ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa nzuri kabisa, mama huyo anaanza kuchoka na mashine iko karibu.

Ongeza kwamba damu ya mjamzito ina kiwango kidogo cha albumini, protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Dripu zinazofunguliwa kwa ukarimu kwa sababu "ana homa na hajala" huishia kwenye mapafu. Maji apewe kwa kipimo, na mkojo upimwe.

Tarehe 15: kilichojulikana na kilichogharimu

Si haki kumhukumu daktari wa tarehe 15 kwa maarifa ya leo. Siku hiyohiyo ndipo maabara ya CDC ilipokitambua kwa mara ya kwanza kirusi kipya, katika sampuli ya mtoto wa California. Hakuna kliniki iliyokuwa na habari. Zaidi ya hapo, msimu wa 2008 hadi 2009 ulikuwa na kioja chake: karibu virusi vyote vya H1N1 vya msimu vilivyopimwa Marekani vilikuwa sugu kwa oseltamivir, kiasi kwamba Desemba 2008 CDC ilishauri kutumia zanamivir, au kuichanganya oseltamivir na rimantadini, ambazo nazo ni dawa za influenza. Zanamivir ni unga wa kuvuta kwa mdomo ambao huweza kuyabana mapafu ya mwenye pumu, na mama huyu alikuwa na pumu. Oseltamivir yenyewe wakati huo ilikuwa na data chache kwa wajawazito. Kipimo cha haraka nacho kinasema "influenza A" na kuishia hapo. Hakisemi ni ya aina gani. Ukiweka haya yote mezani, kumrudisha mama nyumbani apumzike kunaeleweka.

Kuna kejeli moja: kirusi kipya kilikuwa kinasikia oseltamivir vizuri. Sugu kilikuwa kile cha zamani.

Ripoti haitaji dawa yoyote ya virusi kabla ya tarehe 28. Linganisha na kisa kingine katika ripoti hiyohiyo: mwanamke wa mimba ya wiki 23, naye mwenye pumu, alipimwa kwa kipimo cha haraka akiwa na dalili za siku moja, akaanza oseltamivir siku ileile, na dalili zikaisha pasipo matatizo. Wagonjwa wawili si ushahidi, na mimba ya wiki 23 haina mzigo wa wiki 35. Ushahidi ulikuja mwaka uliofuata. CDC ilipowachambua wajawazito 788 wa Marekani walioambukizwa mwaka 2009, kati ya waliochelewa kuanza dawa kwa zaidi ya siku nne, asilimia 56.9 walilazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kati ya walioanza ndani ya siku mbili walikuwa asilimia 9.4. Tofauti ya mara sita. Katika miezi ya mwanzo ya janga hilo wajawazito, ambao ni kama asilimia 1 ya watu wa Marekani, walikuwa asilimia 5 ya vifo vilivyoripotiwa.

Tofauti hiyo inapatana na biolojia tuliyoieleza. Oseltamivir huzuia virusi vipya kujinasua kutoka kwenye seli iliyovitengeneza. Kwa maneno mengine inafanya, kwa njia nyingine, kazi ambayo interferoni ya mjamzito inachelewa kuifanya. Ikitolewa mapema, kipindi cha pili cha uvimbe hukuta virusi vichache. Ikitolewa uvimbe ukiwa umeshashika kasi, inapunguza kirusi lakini haiwezi kuyakausha mapafu.

Tarehe 19 hadi 28

Pengo hili la siku tisa ndilo gumu zaidi kulitetea, na si la kisa hiki peke yake. Huwa linatokana na mambo mawili. Picha ya X-ray ikionyesha madoa, mawazo ya timu huhamia kwenye bakteria. Kipimo chanya cha kliniki kinabaki kwenye faili la kliniki. Pili ni ile kanuni ya kuanza dawa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, ambayo wengi huisoma kama katazo: "zimeshapita, dawa haina maana". Saa 48 ni muda ambao dawa hufanya kazi vizuri zaidi kwa mgonjwa wa kawaida. Kwa aliyelazwa mahututi, kirusi huendelea kuzaliana chini kabisa kwenye mapafu kwa siku nyingi hata pua ikiwa imeshatakata, na mwongozo wa leo ni kuanza dawa bila kujali siku zilizopita.

Antibiotiki si kosa. Streptococcus pneumoniae na Staphylococcus aureus hupenda kuingia nyuma ya influenza, na mgonjwa wa nimonia kali anastahili ceftriaxone pamoja na azithromycin tangu saa ya kwanza. Doxycycline huepukwa kwa mjamzito. Kosa ni antibiotiki kukaa mahali pa dawa ya virusi badala ya kwenda nayo sambamba. Mgonjwa mwenye mpira wa hewa anaweza kupewa oseltamivir kupitia mpira wa puani unaokwenda tumboni: kidonge kinafunguliwa, unga unakorogwa kwa maji, kisha mpira unasafishwa kwa maji. Dozi ni ileile ya miligramu 75 kila saa 12. Kuiongeza mara mbili kwa mgonjwa mahututi hakujaonyesha faida; kuipunguza ni lazima figo zikiwa zimedhoofika sana.

Upasuaji wa tarehe 19 ulimwokoa mtoto. Kwamba kumtoa mtoto kungeyaokoa mapafu ya mama ni matumaini ambayo mara nyingi hayatimii: kiwambo kinapata nafasi kidogo, lakini uvimbe uliomo kwenye vifuko vya hewa hauondoki na kondo. Uamuzi wa namna hiyo ufanywe kwa sababu za mtoto au kwa sababu mama hawezi tena kuhudumiwa akiwa na mimba, familia ikiwa imeelezwa hivyo waziwazi.

Mgonjwa huyohuyo akiingia kliniki ya Temeke au Likoni

Afrika Mashariki homa ya mjamzito ina njia yake iliyozoeleka. Anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kikiwa hasi, anapimwa mkojo. Vikionekana vichembe viwili vitatu vya usaha, anaandikiwa dawa ya UTI na kurudi nyumbani. Kupima malaria ni sahihi na kusiachwe kamwe, lakini jibu hasi halijaeleza homa, na jibu chanya halimlindi mtu asiwe na influenza pia. Mama mwenye homa na kikohozi kilichoanza ghafla, mwili mzima unauma, tena nyumbani kuna watoto wanaokohoa, huyo ana influenza mpaka ithibitike vinginevyo. Influenza katika nchi za tropiki huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo hoja ya "si msimu wake" haisaidii.

Kazi ya dakika kumi za kwanza ni hii. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa, usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Mama akijua unamhesabu hubadilisha upumuaji, kwa hiyo jifanye unashika mapigo ya mkono. Pumzi 21 hadi 30 ni alama ya tahadhari, zaidi ya 30 ni hatari. Weka kipima oksijeni kidoleni. Pwani hapa pana jambo dogo linaloharibu kazi: piko na hina nyeusi kwenye ncha za vidole, pamoja na rangi ya kucha iliyokolea, huzuia mwanga wa kifaa na kutoa nambari ya uongo au kisisome kabisa. Bandika kwenye kidole cha mguu kisichopakwa au kwenye ndewe ya sikio. Kwa mjamzito tunataka asilimia 95 au zaidi, si 90 au 92 inayokubalika kwa wengine, kwa sababu mtoto anaishi kwa kile kinachobaki baada ya mama. Chini ya 95: oksijeni, alale kwa ubavu wa kushoto, gari la rufaa.

Kama vipimo viko sawa na mama anaweza kunywa na kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, anatibiwa nyumbani. Oseltamivir miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, dozi ya kwanza imezwe mbele yako. Usisubiri jibu la maabara: vipimo vya haraka vya antijeni hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo hasi haizuii dawa. Kichefuchefu ndiyo lalamiko kubwa. Imezwe na chakula. Homa ishushwe kwa paracetamol gramu 1 kila saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Kuishusha ni tiba, si starehe tu, maana homa kali katika wiki za mwanzo huhusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Ibuprofen na diclofenac zisitumike baada ya wiki 20. Dawa hizi ndizo mama atakazouziwa duka la dawa akiomba "ya mwili kuuma", basi mtajie majina yake kabla hajaondoka.

Kisha pengo la siku nne linazibwa kwa simu. Mpigie kesho yake na keshokutwa. Muulize: unapumua vipi ukitembea hadi msalani? Mtoto anacheza? Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Mwambie pia dalili ambayo wengi huipuuza: kupata nafuu siku ya tatu, kisha homa kurudi siku ya tano na makohozi ya rangi. Hiyo ni nimonia ya bakteria hadi X-ray iseme vinginevyo, na picha moja ya kifua tumbo likiwa limekingwa haimdhuru mtoto. Tahadhari zote hizi ziendelee hadi wiki mbili baada ya kujifungua.

Upungufu mkubwa kwetu ni dawa yenyewe. Oseltamivir haipatikani katika zahanati nyingi, na palipo na duka kubwa la dawa bei yake huwakimbiza watu. Hospitali ya wilaya ikiweza kuweka dawa kamili ya wagonjwa kumi tu kwa ajili ya wajawazito na mahututi, imefanya jambo kubwa kuliko kununua mashine moja zaidi ya kupumulia isiyo na mtu wa kuiendesha.

Mtoto, na chanjo ambayo ingefika kabla ya kirusi

Msichana wa kisa hiki alizaliwa siku tano tangu mama aanze kuumwa. Kwa siku tano mwili huwa umeanza kutoa IgM, kingamwili ya mwanzo, ambayo haivuki kondo. IgG, kingamwili inayovuka, inahitaji muda zaidi kupanda. Kwa maana hiyo alizaliwa kabla mama hajapata cha kumgawia dhidi ya kirusi hicho. Hali ingekuwa tofauti kwa mama aliyechanjwa mapema. Kondo lina kipokezi maalumu, FcRn, kinachoishika IgG upande wa mama na kuivusha. Kazi hiyo huanza kidogo mwezi wa nne na kushika kasi wiki za mwisho, hadi mtoto anayezaliwa mimba ikiwa imetimia huweza kuwa na IgG nyingi kuliko mama yake. Kwa kuwa chanjo ya influenza haitolewi chini ya umri wa miezi 6, hiyo ndiyo kinga pekee mahususi anayoweza kuwa nayo.

Majaribio yameupima urithi huo. Huko Bangladesh, katika utafiti wa akina mama 340 uliochapishwa mwaka 2008, watoto wa waliochanjwa walipata influenza iliyothibitishwa kwa maabara pungufu kwa asilimia 63. Afrika Kusini, matokeo ya 2014 kwa wanawake wasio na VVU: influenza ilipungua kwa asilimia 50.4 kwa mama, 48.8 kwa mtoto. Mali mwaka 2016 na Nepal mwaka 2017 zilipata upungufu wa kama theluthi moja kwa watoto. Tofauti ni kubwa, na sababu mojawapo ni kwamba chanjo hulingana na virusi vya mwaka husika vizuri au vibaya. WHO tangu 2012 imewaweka wajawazito mstari wa mbele kwa nchi zinazotoa chanjo hii.

Ni sindano moja ya mililita 0.5 msulini, begani, mwezi wowote wa ujauzito, ya kirusi kilichouawa. Ile ya kupuliziwa puani ina kirusi hai, wajawazito hawapewi. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda, itupwe. Kinga hujengeka baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo mama wa wiki 37 bado ananufaika yeye mwenyewe, ila mtoto atarithi kidogo. Kliniki nyingi za umma za wajawazito kwetu hutoa ya pepopunda na si hii. Anayeitaka huielekea hospitali binafsi, na kabla ya kulipa aulize tarehe ya mwisho kwenye kichupa na kama ni muundo wa mwaka huu.

Mama akijifungua huku anaumwa, kunyonyesha kusikatizwe. Maziwa hayabebi influenza. Pumzi na mikono ndivyo vinavyoibeba. Avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na kati ya vipindi vya kunyonya kitanda cha mtoto kikae kama mita 2 kutoka cha mama. Akiwa dhaifu mno, akamue na mtu mzima asiye mgonjwa amnyweshe mtoto kwa kikombe. Oseltamivir inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, hivyo mama amalize siku zake 5.